Sisi na Wale: Kiapo, Ngoma na Bomu katika Masimulizi ya Mabavu ya Kisiasa, Malindi na Kilifi

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna mabavu ya kisiasa yalivyobadilika katika pwani ya Malindi na Kilifi tangu mwisho wa karne ya 19, na namna masimulizi yanavyoyabeba mabadiliko hayo. Kwa mabavu ya kisiasa tuna maana ya matumizi ya silaha au vitisho kwa nia ya kulazimisha jambo la utawala, yawe yametumiwa na raia dhidi ya dola, na dola dhidi ya raia, au na raia dhidi ya raia wenzao. Wanahistoria wamekwisha kuonyesha sababu za kiuchumi na za kiutawala za matukio mengi tutakayoyataja. Kinachotuhusu sisi ni swali la kifasihi: tendo la mabavu linapoingia katika hadithi, utendi, riwaya, au hata katika hati ya mashtaka, ni nani anayepewa sauti, anamwambia nani, na ni nani anayekufa bila ya kuwa msemaji wala msikilizaji?

Pana mazoea mawili katika uhakiki wetu ambayo tunakusudia kuyapinga. La kwanza tumelirithi kutoka miaka ya 1970 na 1980, wakati wahakiki wengi walipoathiriwa na Frantz Fanon na kitabu chake cha 1961. Kwa mtazamo huo, kila tendo la mabavu la wanyonge ni hatua katika safari moja ya ukombozi. Mekatilili wa Menza ni mwanzo wa safari, na kila aliyeshika panga baada yake ni mrithi wake. Zoea la pili ni la siku za karibuni, nalo ni kuyatia matendo yote katika kapu moja liitwalo ugaidi. Mazoea haya yanaonekana kupingana, lakini yanakutana katika kosa moja, nalo ni kutosoma. La kwanza linauliza tu kama muuaji alikuwa mnyonge. La pili linauliza tu kama alivunja sheria. Hakuna linalouliza tendo lenyewe lilisema nini, na kwa lugha ya nani.

Dai letu ni kwamba mabavu ya pwani hii yalianza yakiwa usemi wenye anwani, wenye msemaji anayejulikana na adui anayetajwa mbele ya uso wake, na hatimaye yakafika katika hali ambayo watu wa Kilifi wamegeuzwa kuwa ubao ambao wengine wanaandikia ujumbe wao. Mabadiliko hayo yanaweza kufuatwa katika matumizi ya maneno mawili madogo: sisi na wale.

Utendi na Adui Mwenye Jina

Fasihi ya Kiswahili haikuwa na haya ya kusimulia vita. Utenzi wa Al-Akida, uliotungwa na Abdallah bin Masud Mazrui na kuchapishwa na Mbarak Ali Hinawy mwaka 1950, unahusu uasi wa kamanda wa Ngome ya Yesu, Mombasa, katika miaka ya 1870, wakati kamanda huyo alipomwasi Sultani wa Zanzibar. Jambo la kuzingatia katika utanzu huu ni masharti yake. Utendi wa vita hauwezi kusimama bila ya majina. Msikilizaji hudai kujua nani aligombana na nani, ugomvi ulianzia wapi, ujumbe gani ulipelekwa na kujibiwa vipi kabla ya risasi ya kwanza. Maneno hutangulia silaha, na hata anayeshindwa hubaki na jina lake.

Masharti hayo yalitokana na hali halisi ya vita vyenyewe. Vita vya Wamazrui vya 1895 na 1896 vilianzia Takaungu, kusini kidogo ya mji wa Kilifi, kwa ugomvi wa nani arithi uongozi baada ya kifo cha Salim bin Khamis. Kampuni ya Waingereza ilimwunga mkono mdai mmoja. Upande uliokosa ukaingia vitani, na Mbaruk bin Rashid wa Gazi akajiunga nao. Katikati ya mzozo huo, tarehe 1 Julai 1895, Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi. Vita vikamalizika Aprili 1896, Mbaruk alipovuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani. Mashamba na vijiji viliteketea, na waliobeba mzigo mzito hawakuwa mashehe waliogombea uongozi. Hata hivyo, vita hivyo vilikuwa vita vya watu waliojuana. Neno wale lilikuwa na sura, ukoo na mji.

Hatusemi haya ili kuyapamba. Jamii iliyotunga tendi hizo ilikuwa jamii ya watumwa na mabwana, na sauti ya mtumwa ni nadra kusikika ndani yake. Tunasema tu kwamba utanzu wenyewe ulimlazimisha msimulizi kujibu swali la nani.

Kuku na Vifaranga

Simulizi la Mekatilili ndilo matini mashuhuri zaidi ya mabavu katika eneo letu. Mwaka 1912 Arthur Champion alipelekwa kuwatawala Wagiriama. Serikali ilitaka kodi ya vibanda, na zaidi ya kodi ilitaka vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na katika miradi yake. Mwaka 1913 Mekatilili, mwanamke mjane, alianza kupita vijijini akicheza kifudu, ngoma ya msibani, na watu wakamfuata. Pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola alihimiza viapo: mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Alikamatwa mwaka huo huo akahamishiwa Kisii, nchi ya mbali upande wa magharibi. Akatoroka, na masimulizi yanasema alirudi kwa miguu. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vilivyofuata viliua Wagiriama wengi, nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa kuhama ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki.

Katika masimulizi, kisa kinachopendwa kuliko vyote ni cha kuku. Inasimuliwa kwamba Mekatilili alikwenda barazani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Champion ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Champion alipoinyosha mikono, kuku alimdonoa. Mekatilili akawaeleza waliohudhuria kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa akijaribu kuwachukua wana wao. Yule afisa kwa hasira akampiga kuku risasi.

Kisa hiki kwa kawaida husomwa kama kielelezo cha ujasiri. Tunapendekeza kisomwe kama nadharia ya mabavu. Kwanza, kina anwani: msemaji anasimama mbele ya yule anayemwambia, mchana, mbele ya mashahidi wa pande zote. Pili, kinatumia sitiari ambayo hata adui anaweza kuifasiri papo hapo, kwa kuwa anaonjeshwa kwa kidole chake mwenyewe. Tatu, sisi ya kisa hiki ni mama na watoto, na wale ni mkono unaokuja kuchukua. Mkono ukirudishwa, ugomvi umekwisha. Hakuna anayeambiwa afe kwa sababu ya alivyozaliwa. Nne, na hili ndilo muhimu, ni dola inayotoka kwanza nje ya lugha. Sitiari inajibiwa kwa risasi. Simulizi linatufundisha kwamba bunduki ilifyatuliwa pale hoja ilipokosa jibu.

Kifudu nacho kina maana yake. Ngoma ya kuwalilia wafu ilitumiwa kuwakusanya walio hai. Mchezaji ndiye aliyekuwa msemaji, na mwili wake ulikuwa ndio tangazo. Tutalirejea jambo hili.

Uadilifu wa uhakiki unadai tuongeze kwamba viapo vya 1913 havikuwa vya hiari tupu. Kiapo hubeba laana, na laana ni kitisho. Wazee waliokuwa wakitumikia serikali walitengwa na kutishwa, na wengine walishambuliwa. Usemi wenye anwani unaweza kuwa katili. Tofauti yake ni kwamba aliyelaaniwa alijua analaaniwa na nani, kwa kosa gani, na afanye nini ili laana imwondokee.

Wale ni Sisi

Uhuru wa 1963 haukuondoa chanzo cha ugomvi. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 ilikuwa imewawezesha wachache kuandikisha ardhi ya ukanda wa pwani, na Wamijikenda wengi wakabaki bila hati juu ya ardhi waliyoilima. Wajukuu wao wakaitwa maskwota. Lakini fasihi andishi ya kipindi hiki inatuonyesha jambo lingine lililobadilika, nalo ni sura ya mabavu ya dola.

Katama Mkangi, mwandishi Mmijikenda na mhadhiri wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwekwa kizuizini bila ya kushtakiwa mwaka 1986, wakati wa msako wa wanaoshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya. Mwaka 1995 ilitoka riwaya yake Walenisi. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo kwa kutetea haki, na hukumu inatekelezwa kwa kumfungia katika chombo kinachorushwa angani. Badala ya kufa, anajifunza kukiendesha chombo hicho na kutua katika nchi ambayo jina lake, likifumuliwa, ni wale ni sisi.

Wahakiki wengi wameishughulikia riwaya hii kama ndoto ya jamii bora. Hatuipingi fasiri hiyo, ila tunaona inapita haraka mno juu ya chombo. Mtazame Champion wa masimulizi: yupo, ana mkono, ana hasira, anaweza kudonolewa. Muuaji wa Dzombo hana mkono. Pana mahakama, pana utaratibu, kisha pana mtambo. Mabavu yamehamia katika kanuni na mashine, na anayeuawa anaondoshwa machoni pa watu ili kusiwe na mashahidi wala kaburi. Hii ndiyo sifa ya kizuizini: mtu hupotea kutoka katika mazungumzo. Kwa hiyo ikiwa mabavu ya raia yalikuja kupoteza sauti baadaye, hayakuwa ya kwanza. Dola ilikuwa imetangulia katika njia hiyo.

Jina la nchi ile ni hoja kamili. Mkangi hakuandika kwamba wale watashindwa, wala kwamba sisi tutalipiza. Aliunganisha maneno mawili yaliyotenganishwa na karne nzima ya mabavu kwa kitenzi kishirikishi kimoja, ni. Ukombozi kwake ni badiliko la sarufi kabla ya kuwa badiliko la serikali. Katika uchaguzi wa Desemba 1997 mwandishi huyu aligombea urais kwa tiketi ya chama cha Kenya National Congress, akapata kura chache sana. Mwaka huo huo pwani ilikuwa imekwisha kusikia sarufi nyingine kabisa.

Kiapo cha Kukodi

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, polisi wakauawa, bunduki zikaibwa. Katika majuma yaliyofuata wakazi wenye asili ya bara waliuawa na kuchomewa nyumba na vibanda. Watu zaidi ya mia moja walipoteza maisha na makumi ya maelfu wakayahama makao yao. Kitovu cha ghasia kilikuwa Likoni na Kwale, lakini hofu yake ilivuka kivuko ikafika Mtwapa, Kilifi na Malindi, ambako maduka ya wabara yalifungwa na hoteli zikabaki tupu. Tume iliyoongozwa na Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilisikiliza ushahidi juu ya viapo vilivyotolewa kwa vijana na juu ya wanasiasa waliotajwa kuwa nyuma ya mambo hayo. Ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka 2002.

Kwa jina, jina la jambo hili ni lile lile la 1913. Pana kaya, safari hii Kaya Bombo, pana kiapo, pana vijana, pana malalamiko ya kweli juu ya ardhi na kazi. Msomaji wa zoea la kwanza ataona urithi. Lakini tukiyauliza maswali yetu matatu, urithi unaporomoka. Msemaji ni nani? Hajulikani: vijikaratasi vilivyowaamuru wabara wahame havikuwa na sahihi ya mtu, na waliodaiwa kuwatuma vijana hawakusimama barazani. Anaambiwa nani? Anaambiwa mwuza mboga na mpanga chumba, ambao hawana uwezo wa kutoa ardhi wala kazi. Na anakufa nani? Anakufa mtu kwa sababu ya alivyozaliwa. Sisi ya kuku na vifaranga ilijengwa juu ya tendo, yaani mkono usichukue. Sisi ya 1997 ilijengwa juu ya asili, na wale hawakuwa na njia ya kuacha kuwa wale.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya 1969, inatusaidia kulielewa tukio hili kwa kulinganua. Katika tamthilia ile neno la maji linakua hadi linamzidi aliyelitoa, na Kinjeketile anabaki akihangaishwa na uwajibikaji wake: akilikana neno mbele ya Wajerumani, vizazi vijavyo vitakosa tumaini, asipolikana, amewapeleka watu mbele ya risasi. Uzito wa tamthilia umo katika ukweli kwamba neno lina mwenyewe, na mwenyewe yupo, anateseka nalo. Kiapo cha 1997 hakikuwa na Kinjeketile. Kilikuwa kiapo cha kukodi: waliokitumia hawakukitunga, na waliokilipia hawakukila. Vijana walioapishwa walipewa maneno ya babu zao ili wayatumie kwa shughuli za uchaguzi wa wengine.

Ngoma ya Kikambala

Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, gari lililojaa mabomu lilivunja kizuizi na kulipuka katika hoteli ya Paradise, Kikambala, wilaya ya Kilifi ya wakati huo. Wakati huo huo makombora mawili yalirushwa kuielekea ndege ya abiria wa Kiisraeli iliyokuwa ikiondoka Mombasa, yalikosa. Wageni kutoka Israeli walikuwa ndiyo kwanza wanaingia hotelini, na kikundi cha wachezaji ngoma wenyeji kilikuwa kikiwapokea. Ukiwatoa washambuliaji, waliouawa walikuwa Waisraeli watatu. Waliobaki wote walikuwa Wakenya, wengi wao wakiwa wachezaji hao. Baada ya siku chache dai la kuhusika lilitolewa kwa jina la Al-Qaeda katika mtandao wa intaneti, likiliunganisha shambulio na Palestina.

Tuweke tukio hili kando ya kifudu cha Mekatilili. Mwaka 1913 mchezaji alikuwa msemaji. Mwaka 2002 mchezaji si msemaji, si msikilizaji, wala si adui. Ujumbe wa bomu ulitoka kwa watu wasiozungumza lugha yake, ukaelekezwa kwa serikali iliyo mbali na pwani yake, juu ya ardhi ambayo si yake. Kifo chake hakikuwa hata sehemu ya maana iliyokusudiwa. Katika tangazo la wauaji yeye hayumo. Si sisi, si wale. Sarufi ya mabavu, ambayo mwaka 1997 ilikuwa imempunguza mtu kuwa asili yake, sasa imemwondoa kabisa katika sentensi.

Ni rahisi kwa mhakiki kuongeza hapa kwamba ngoma ilikuwa imekwisha kufa kabla ya mchezaji, kwa kuwa utalii uliigeuza bidhaa. Hoja hiyo ina ukweli fulani, lakini kuitumia kwa waliokufa Kikambala ni kuwaua mara ya pili. Walikuwa kazini. Ngoma ya kupokea mgeni kwa malipo ililisha nyumba na kulipa karo, katika wilaya ambayo ardhi haikuwa na hati na viwanda havikuwa vingi. Kama ngoma ilikuwa imepoteza usemi wake wa kisiasa, sababu zake ni zile zile alizozipinga Mekatilili, na si za kuwabebesha wachezaji.

Methali inayokuja haraka mdomoni ni ile ya ndovu wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Ilistahili kwa Takaungu ya 1895. Kwa Kikambala haitoshi. Methali inachukulia kwamba ndovu wapo pale pale, wanaonekana, na kwamba nyasi zikiweza zingewasogea. Hapa ndovu walikuwa ng'ambo ya bahari. Zaidi ya hayo, methali inawafanya walioumia kuwa nyasi, yaani umati usio na majina, na kwa hiyo inarudia bila kukusudia jambo lile lile ambalo bomu lilifanya. Methali ya faraja inaweza kuwa shirika wa usahaulifu.

Jina Moja kwa Mambo Mengi

Neno gaidi lilikuwa na maana finyu zaidi katika Kiswahili cha zamani: mnyang'anyi mwenye silaha, wa aina ya haramia. Waingereza walipopigana na Mau Mau katika miaka ya 1950 waliwaita wapiganaji hao magaidi, na tangu 1950 kundi lenyewe lilikuwa limepigwa marufuku. Marufuku hiyo ilidumu miaka 40 baada ya uhuru, ikaondolewa mwaka 2003. Mwaka huo huo, kufuatia Kikambala, serikali ilichapisha mswada wa kupambana na ugaidi, uliopingwa vikali hasa na Waislamu na watetezi wa haki, ukaachwa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilikuja kupitishwa mwaka 2012. Kwa hiyo katika mwaka mmoja dola ilimfuta jina gaidi mtu wa jana na kumwandalia jina hilo mtu wa kesho.

Wako wanaohitimisha kutokana na haya kwamba neno halina maana, na kwamba gaidi kwa mmoja ni shujaa kwa mwingine. Hatukubali. Mekatilili naye aliitwa mchochezi na mchawi na watawala, na leo ana sanamu Malindi. Lakini hakugeuka shujaa kwa sababu tu walioandika historia wamebadilika. Muundo wa tendo lake unaruhusu jina hilo: alisimama, akasema, akamtaja aliyemwambia. Muundo wa Kikambala hauliruhusu, hata akiandika nani.

Hatari ya neno hili iko kwingine: linawaziba midomo hata wanaosema. Baraza la Jamhuri ya Mombasa, lililoanzishwa 1999 na kupata wafuasi Kilifi na Malindi pia, lilijenga hoja yake juu ya hati, hususan mikataba ya 1895 na 1963 kuhusu ukanda wa pwani. Kaulimbiu yake, Pwani si Kenya, ni kinyume kabisa cha sentensi ya Mkangi: palipokuwa na ni pamewekwa si. Mtu anaweza kuipinga hoja hiyo, nasi tunaipinga, kwa kuwa inarudisha sarufi ya asili. Lakini ilikuwa hoja, nayo ilikuwa na anwani. Serikali iliipiga marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu, Mombasa, ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Siku ya uchaguzi, tarehe 4 Machi 2013, maafisa wa polisi waliuawa Mombasa na Kilifi. Serikali iliwanyoshea kidole wafuasi wa baraza hilo, viongozi wake wakakana. Hatudai kwamba marufuku ilizaa mauaji. Tunaona tu kwamba mauaji yale hayakuwa na msemaji aliyejitokeza kuyamiliki, na kwamba wenye usemi walikuwa wamewekwa pamoja na wasiokuwa nao.

Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, ya watu waliodaiwa kushawishiwa na mahubiri wafunge hadi kufa. Januari 2024 washtakiwa walisomewa mashtaka, yakiwamo ya ugaidi, wakayakana. Kuamua mashtaka ni kazi ya mahakama. Kazi yetu ni kuuliza neno limebeba nini. Likiwa linatumika kwa aliyelipua wageni, kwa aliyedai kujitenga, na kwa anayeshtakiwa kuwaongoza waumini katika kifo, basi limeacha kueleza aina ya tendo. Linaeleza tu kiasi cha woga wetu. Na woga, ingawa una haki yake, si uchambuzi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya mabavu katika Malindi na Kilifi si mstari mmoja wa ushujaa, wala si kapu moja la uhalifu. Ni historia ya usemi unaopotea hatua kwa hatua: adui mwenye jina katika utendi, mkono unaodonolewa katika kisa cha kuku, mtambo usio na uso katika Walenisi, kiapo cha kukodi cha 1997, na hatimaye mchezaji wa Kikambala, aliyekufa nje ya sentensi. Dola ilishiriki katika kila hatua, kwa risasi, kwa kizuizini, kwa marufuku na kwa kuita.

Matokeo kwa taaluma yetu ni ya kiutendaji. Masimulizi ya Mekatilili yamekusanywa, yanafundishwa, yanaadhimishwa. Na makaya yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Hayo ni mema. Lakini mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada katika eneo hili asirudie njia hiyo hiyo iliyokwisha kukanyagwa. Aende kwa jamaa za waliokufa Kikambala, kwa wabara waliohama Mtwapa mwaka 1997 na waliorudi, kwa vijana wa zamani walioapishwa kama wako tayari kusema. Ayarekodi maneno yao kwa Kigiriama, Kichonyi, Kikauma au Kiswahili, kama wanavyoyasema, kwa ridhaa yao. Kisha ayasome kwa maswali yale ambayo utendi ulimlazimisha msimulizi kuyajibu: nani, dhidi ya nani, kwa neno gani. Wachezaji wale walikuwa na majina, na ngoma waliyokuwa wakiicheza ilikuwa na jina. Uchunguzi uanzie hapo.